Jivu nililolifuta

Picha ilinikuta Mikindani, nimesimama chini ya mwembe nasubiri bajaji ya kurudi Mtwara mjini. Mikono miwili, viganja vikitazama juu kama vya mtu anayeomba dua. Ncha za vidole nyeusi. Ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada imebabuka, inaning'inia kama karatasi iliyolowa. Kwenye kidole cha pete, pembezoni mwa pete yenyewe, mstari mwekundu uliovimba.

Chini ya picha maneno machache: "Samahani kwa usumbufu kaka. Nimefuata makala yako hatua kwa hatua."

Hatua kwa hatua.

Sikumjua. Nilikuja kufahamu baadaye kwamba ni mwalimu mgeni, kwao Singida, amepangiwa sekondari moja wilayani Tandahimba. Jirani yake alimpa kama kilo mbili za korosho ghafi, naye akaona haya kuuliza jambo ambalo hata watoto wa darasa la tatu pale wanalijua. Akafungua simu. Akaikuta wiki yetu, tovuti inayoandikwa na watu wengi kwa pamoja, na ndani yake "Jinsi ya kubangua korosho nyumbani". Namba yangu aliipata kwa mwalimu mwenzake aliyesoma nami.

Nilimwambia pole sana dada, nikamwambia aende zahanati. Akajibu ameshakwenda, amepewa dawa ya kupaka. Hakugomba. Bora angegomba. Bajaji tatu zilipita nikiwa nimeshika simu.

Hiyo ilikuwa Novemba, msimu umepamba moto. Sasa ni mwishoni mwa Januari, mabibo yamekwisha, na ile picha bado sijaifuta kwenye simu.

Wiki ya siku saba

Aliyekulia kusini hahitaji kuelezwa ndani ya ganda la korosho mna nini. Kwa wengine niseme kwa kifupi: mna mafuta meusi makali, yenye asidi ya anakadiki na kadoli. Mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja. Ule utomvu wa embe bichi unaobabua midomo ya watoto ni ndugu wa mafuta haya. Ndugu mpole.

Wiki yetu tuliianza mwaka 2019, watu sita: walimu wawili, muuguzi, mkulima, mwanafunzi wa chuo, na mimi ninayetengeneza kompyuta na kuchapa barua za watu mjini. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003 na tunaipenda, ila kwa kanuni zake yenyewe Wikipedia si mahali pa maelekezo. Itakueleza mkorosho ni mti gani na ulitoka wapi. Haitakuambia uubebeshe vipi, yaani upandikize juu yake kikonyo cha mkorosho bora. Sisi tulitaka hilo la pili: kubebesha mikorosho, kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, kuandaa makopa ya muhogo, kusuka mkeka, hata namna ya kujaza fomu kwa simu ndogo. Tukachukua MediaWiki, programu ileile inayoendesha Wikipedia na isiyouzwa, tukaifungua kwa yeyote kuhariri.

Neno lenyewe ni la Kihawaii. Mmarekani Ward Cunningham aliifungua wiki ya kwanza mwaka 1995, akaiita hivyo kwa kukumbuka basi la uwanja wa ndege wa Honolulu. Kule "wiki" ni upesi. Kwetu wiki ni siku saba, na niseme ukweli, makala zetu nyingi zinakwenda kwa Kiswahili hicho.

Nilikwenda kutafuta wa kumlaumu

Usiku ule sikufungua makala kuisahihisha. Niliifungua kusoma historia yake.

Wanaojua wiki wanajua raha na karaha ya ukurasa wa historia. Kila aliyegusa kitu yumo, na saa yake, na alichokigusa. Makala nilianza mimi, lakini kuna mikono mingine imepita humo, na moyoni nilikuwa naomba nikute mkono wa mtu mwingine pale penye kosa. Nilikuwa hata nimeshaanza kutunga ujumbe wa upole wa kumwandikia.

Nilishuka chini mstari kwa mstari. Mtu kaongeza picha. Mtu karekebisha koma. Muuguzi wetu kaandika "ventilesheni", mkulima kaifuta. Kisha Agosti 2022, mtu asiyejisajili, hana jina, ana namba tu za mtambo wake, aliongeza sentensi moja:

"kabla hujabangua pakaa jivu mikono yote la sivo utababuka shauri yako"

Nikasimama hapo.

Mstari uliofuata, siku mbili baadaye, ulikuwa na jina langu. Kwenye sehemu ya muhtasari nilikuwa nimeandika: "Nimesafisha lugha."

Sikumbuki siku hiyo. Nimejaribu sana. Lakini najijua, kwa hiyo naweza kuisimulia kana kwamba naikumbuka: nimeona sentensi isiyo na herufi kubwa wala nukta, nimeona "sivo", nimeona "shauri yako" ndani ya makala ya elimu, nikakunja uso. Sikuifuta ikabaki pengo. Ningeifuta tu ingekuwa nafuu. Nilijisikia mstaarabu, nikaandika nyingine mahali pake:

"Mbanguaji azingatie usafi na usalama wa mikono ipasavyo."

Isome tena. Mimi nimeisoma mara nyingi mno tangu Novemba. Haina jivu. Haina kubabuka. Haina hata wewe. Yupo "mbanguaji", mtu fulani huko. Na mwisho limekaa lile neno, ipasavyo, limevaa suti. Ipasavyo ni neno ambalo anayejua humwambia anayejua, wote wawili wakaitikia kwa kichwa. Asiyejua akilikuta hapati kitu, ila pia hajui kwamba hajapata kitu. Mwalimu yule alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kuanza. Aliniambia mwenyewe. Alizingatia usafi.

Boksi jekundu

Kosa langu la pili nililifanya kwa haraka na kwa nia njema.

Kesho yake niliikamata ile makala nikaijaza maonyo. Boksi jekundu juu kabisa, neno TAHADHARI kwa herufi kubwa, na ndani yake maonyo tisa. Nikaeleza asidi ya anakadiki. Nikaeleza moshi. Utangulizi niliuacha palepale, aya tatu za namna Wareno walivyoleta mkorosho kutoka Brazili hadi pwani yetu katika karne ya 16, kwa sababu niliupenda. Nikamtumia kiungo mwalimu, kama mtu anayerudisha deni.

Akajibu jioni: "Nimesoma nikafika kwa Wareno nikachoka. Kaka, hivi moto unawashwa wapi humu?"

Nilicheka, kisha nikaona aibu. Kiini cha makala kilikuwa kimeshuka chini sana, na yeye anasoma kwa bando, kwenye kioo kinachoonyesha mistari kumi na kitu kwa wakati mmoja. Yale maonyo tisa yalikuwa yananilinda mimi. Mtu akibabuka tena nitasema si niliandika?

Kwa siku kadhaa (neno baya, nitalirudia) niliacha kabisa. Nikarudi kwenye printa zangu.

Mahuta

Mama mdogo anakaa Mahuta, wilaya hiyohiyo ya Tandahimba. Amebangua korosho tangu kabla sijazaliwa. Katikati ya Desemba, mikono ya mwalimu ilipokuwa imeshapona na kuvaa ngozi mpya ya waridi, nilimwomba tukutane huko Jumamosi. Nilikuwa na wazo moja tu, tena la kitoto: yeye asome makala ya zamani, ile iliyomuunguza, kwa sauti. Mimi nifanye kile tu kitakachosomwa. Nilidhani ninakwenda kumsaidia kuona pale alipokosea kusoma.

Nilichapa kabisa kwenye karatasi, maana mtandao wa pale una tabia zake.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba baba. Huyu ndiye uliyemuunguza?"

Mwalimu akaangalia chini kuficha kicheko. Mimi nikaenda kutafuta kuni.

Akaanza kusoma: "Andaa chombo cha kukaangia." Nikanyanyuka, nikatoa ukutani lile karai bovu la mama mdogo, lililotobolewa matundu kwa msumari.

"Mbona hilo?"

"Si ndicho chombo."

"Mimi nilichukua kikaango."

Mama mdogo alishika mdomo. Kikaango! Kikaango kizima, alichotoka nacho Singida. Kwenye karai lenye matundu mafuta ya ganda yanashuka motoni. Kwenye kikaango hayana pa kwenda. Korosho za mwalimu zilikuwa zimechemka ndani ya mafuta yake yenyewe, zikatoka zinang'aa, na yeye akaona zinavutia.

"Kaanga kwa moto wa wastani mpaka ziive." Nikazunguka upande wa pili wa moto, nikaanza kukoroga. Nilipogeuka mwalimu alikuwa anaandika.

"Unaandika nini?"

"Umehama. Ulikuwa huku, umekwenda huko."

"Upepo."

"Hakuna upepo humu," akasema, akaninyooshea karatasi.

Akaendelea kuandika. Aliandika kwamba nimefukuza watoto. Kwamba fimbo ya kukorogea nimeiacha fupi nikachukua ndefu. Kwamba ninageuza uso kila moshi unapopanda na ninafumba macho nusu. Aliandika kwa utulivu wa mwalimu anayesahihisha daftari, na mimi nikaanza kutokwa jasho ambalo halikuwa la moto.

"Umejuaje zimeiva?"

"Zimeiva."

"Umejuaje?"

Nilitazama karai. Sikuwa na jibu. Nilikuwa najua tu, kama unavyojua mtu anayekuja ni nani kwa hatua zake. Mama mdogo ndiye aliyejibu, bila kunyanyuka mkekani: "Zinalia. Sikiliza. Zikishaanza kulia, moto unazidaka. Ukishazidaka usizubae, mwaga."

Kweli, zilikuwa zinalia. Sauti kama ya kuni mbichi, mafuta yakitoka kwenye ganda. Miaka yote hiyo masikio yangu yalikuwa yakisikia na mimi sijui kama ninasikiliza. Moto ukapanda ukazidaka korosho, nikamwaga zote mchangani, nikazifukia mpaka ndimi za moto zikafa.

Tukasubiri. Nikavuta jiwe na gogo. Mwalimu akasoma: "Korosho zikitoka motoni zibanguliwe kwa uangalifu." Nikachukua ya kwanza.

"Hapo hapajaandikwa jivu," akasema.

Nikaangalia mikono yangu. Ilikuwa ya kijivu mpaka vifundoni.

Sikuwa nimekusudia. Katika mazungumzo, katika kusogeza jiwe, mikono ilikwenda yenyewe kwenye lundo la jivu la mama mdogo, ikajipaka, ikarudi. Mbele ya mtu aliyebabuka kwa kukosa jivu. Siku niliyokuja mahsusi kwa ajili ya jivu.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda.

Mwalimu akahesabu. Kumi na moja. Mambo kumi na moja niliyafanya ambayo makala haikuyataja, na hakuna hata moja ambalo nilikuwa nimeamua kulificha.

Zikitoka, zikishatoka

Njiani kurudi, basi likipita Nanyamba, nilibaki na lile neno moja. Zikitoka.

Sisi wenye lugha hii tunatembea na kitu kidogo kinachofanya kazi mbili. "Zikitoka motoni zibanguliwe." Ni wakati zinapotoka? Au ni baada ya kutoka? Mimi niliyeandika nilimaanisha baada, tena baada ya muda. Mwalimu alisoma wakati. Hakukosea, -ki- inamruhusu. Silabi moja tu, -sha-, ingemwokoa: zikishatoka, zikishapoa. Kiswahili kimetupa kifaa cha kumwambia mtu "subiri hili liishe kwanza", nasi tunakiacha kwa sababu "zikitoka" linasikika kama maandishi na "zikishatoka" linasikika kama mazungumzo ya jikoni.

Na "zibanguliwe". Na nani? Nimegundua ninapenda sana -wa katika makala. Korosho zinakaangwa, maganda yanaondolewa, mikono inalindwa. Ukisoma unadhani mambo haya yanajitendea, kama mvua. Nilipitia makala zangu zote za wiki, na jinsi mada ilivyokuwa ya hatari ndivyo nilivyomwondoa mtu ndani yake. Kwenye makala ya kusuka mkeka naandika "chukua ukindu, loweka, panga". Kwenye salfa naandika "inashauriwa ipulizwe asubuhi". Nani anashauri? Na kwa nini asubuhi? Kwa sababu upepo umelala na umande unashika unga kwenye maua, kila mpulizaji wa Masasi analijua hilo, lakini kijana anayesoma peke yake ataona asubuhi ni pendekezo, ataamka saa nne, na nusu ya salfa itakwenda kwa jirani.

Lugha yetu ina mitego mingine ya kuchekesha. Niliwahi kuandika "bonyeza kitufe cha kulia" katika maelekezo ya fomu, mzee mmoja akaniuliza hicho cha kulia kina huzuni gani. Lakini yale ya fomu ukikosea unarudi nyuma.

Kuna jambo nilikuwa nalo tangu shuleni: kwamba kuandika vizuri ni kupandisha. Ukiwa na neno la nyumbani unalipandisha, "mwaga" linakuwa "ondoa kwenye chombo", "utababuka" linakuwa "athari za ngozi". Insha ilipewa alama hivyo. Hata "korosho karanga" niliiweka mwanzoni mwa makala bila kufikiri, kwa kuwa ndilo jina la biashara la korosho iliyokwisha kubanguliwa. Mwalimu aliniambia alipoisoma alikwenda dukani kununua karanga.

Je, iwepo?

Si kwamba mambo yalinyooka hapo. Nilipowaeleza wenzangu wa wiki, muuguzi alisema kitu ambacho bado kinanikaa vibaya: kwa nini makala hii iwepo kabisa? Viwandani korosho hupitishwa kwenye mvuke, ganda linalegea, linakatwa kwa mashine na mtu aliyevaa glovu. Sisi tunamfundisha mtu kukaanga kwenye karai nyuma ya nyumba, moshi usoni.

Nilimjibu kwamba viwanda vingi vya kubangua vilivyojengwa kusini miaka ya sabini na mwanzoni mwa themanini viliishia kuwa maghala, kwamba sehemu kubwa ya korosho yetu inapanda meli ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, na kwamba kinachobaki nyumbani hubanguliwa na kina mama hivyohivyo, tuandike tusiandike. Ni hoja nzuri. Sijui kama ni jibu. Mama mdogo naye ana macho yanayotoka machozi bila sababu.

Tulimalizana hivi: makala ibaki, muuguzi aandike yeye sehemu ya mafuta ya ganda yakikurukia jichoni ufanye nini. Aliandika mistari miwili. Maji mengi safi kwanza, kisha zahanati, usisugue. Ni mistari bora kuliko yote iliyomo.

Mwenzetu mmoja wa Masasi akaja na lake, kwamba kwao hawapaki jivu, wanapaka mafuta ya kula. Zamani ningeanzisha mjadala. Nikaandika jivu kwenye hatua, maana kila penye kuni pana jivu, na mafuta nikayataja chini. Akaridhika, au alichoka.

Siku kadhaa

Lililoninyima usingizi zaidi halikuwa la korosho.

Tuna makala ya makopa. Niliiandika mwaka wa kwanza, kwa fahari, kwa sababu bibi yangu alikuwa bingwa wa makopa. Humo nimeandika kwamba mihogo michungu "ilowekwe siku kadhaa kisha ianikwe". Mihogo michungu ina sianidi. Isipoandaliwa vya kutosha, na mtu akiila hiyo tu kwa muda mrefu wakati wa njaa, inaweza kumletea konzo, ugonjwa unaopooza miguu na usiorudi nyuma. Umewahi kuwapata watu huku kwetu Mtwara. Na jua peke yake haliitoi sumu yote.

Siku kadhaa ni ngapi? Niliuliza nyumba tatu, nikapata majibu matatu, kila moja kwa sauti ya uhakika uleule. Kwenye korosho nilikuwa na mama mdogo na masikio yake. Muhogo haulii.

Nimeifuta ile sentensi. Mahali pake nimeacha pengo linaloonekana, na maneno: "Usiandae mihogo michungu kwa kufuata ukurasa huu. Idadi ya siku haijathibitishwa. Muulize bwana shamba wako." Mkulima wetu anasema ukurasa wenye pengo unaitia aibu tovuti nzima. Pengo lipo, ninamsubiri mtu wa lishe aliyeahidi.

Shauri yako

Makala mpya ya kubangua nimeiandika mara nne. Wareno wamehamia ukurasa wao. Boksi jekundu limeondoka; kila onyo limekwenda kukaa kwenye hatua yake, palepale mkono unapotaka kukosea. Mstari wa kwanza unasema kazi hii ifanyike nje. Wa pili unasema usitumie kikaango, na chini yake ipo picha ya karai la mama mdogo, nimeipunguza uzito isile bando. Hakuna dakika hata moja katika makala nzima. Yapo masikio: zikishaanza kulia. Ipo picha ya korosho ambazo bado, na ya korosho zilizokwisha kufikia, kwa sababu mwalimu alisema picha ya zilizofanikiwa peke yake haimwambii mtu kitu.

Na kabla ya kubangua nimerudisha sentensi ya yule asiye na jina, kama alivyoiandika. Kwenye muhtasari niliandika: "Nimerudisha nilichokifuta 2022. Samahani." Sidhani ataona. Baada ya siku mbili mtu alikuja akasahihisha "sivo" kuwa "sivyo" na kuweka nukta. Vidole viliniwasha kutengua, kisha nikacheka. "Shauri yako" hakuligusa.

Wiki iliyopita niliona uhariri mpya kutoka kwa akaunti iliyofunguliwa siku hiyohiyo. Umeingia juu kabisa, kabla ya karai, kabla ya moto. Maneno mawili: "Vua pete." Muhtasari wake: "Hatua ya sifuri."

Nilirudi kwenye ile picha. Ule mstari mwekundu pembezoni mwa pete, ambao nilikuwa nimeutazama kwa miezi miwili. Mafuta yalijificha chini ya pete, sabuni haikufika.

Nikampigia mama mdogo kumweleza, kwamba mgeni wetu ameona jambo ambalo sisi wote hatukuliona. Akanyamaza kidogo.

"Mimi mbona nikibangua pete naifunga kwenye pindo la kanga. Mama pia alikuwa anafanya hivyo."

"Kwa nini?"

"Sijui baba. Nadhani isipotee."